Kibarua wa Mwaka 1836

Jumatatu, 5 Oktoba

Janelle ameniita "mume wangu" kabla ya kahawa. Akiniita hivyo asubuhi, kuna jambo.

Jambo lenyewe: hana hakika kama wasichana wanajifunza. Huu ni mwaka wa pili nawafundisha nyumbani, tangu duka la mazulia lilipofungwa na mimi nikabaki na muda na sauti. Greta ana miaka kumi na mmoja, Opal saba. Janelle husafisha meno ya watu kwa daktari mjini. Akirudi jioni huwauliza wamejifunza nini, na Greta hujibu kwamba baba amewaambia mambo mengi. Mimi nasikia sifa hapo. Mke wangu hasikii.

Basi ameamua. Ushirika wetu wa familia zinazosomesha watoto nyumbani una wiki yake ya safari za mafunzo, na wiki yenyewe ni hii. Ikipita bila yeye kuona matunda, Greta ataanza shule ya serikali, ile ambayo basi lake la manjano hupita langoni kwetu kila asubuhi. Nilicheka. Kisha nikaenda gereji nikakaa peke yangu juu ya ndoo ya rangi. Mtoto akiondoka, nitaongea na nani mchana kutwa? Opal huwa ananisikiliza kwa sikio moja.

Mkakati ukanijia nikiwa hapo hapo kwenye ndoo. Ijumaa Ushirika unachagua Mratibu wa Safari. Nikipata mimi, Janelle atasema nini? Hakuna anayemtoa mtoto kwa mwalimu mwenye cheo. Kikwazo ni kimoja tu, Corinne Haverkamp, mama mwenzetu wa Ushirika. Watoto sita, fulana sita za kijani, na faili lenye vibandiko vya rangi. Aliye juu mngoje chini.

Jumanne, 6 Oktoba

Makumbusho ya Vifungo. Nimeyachagua mwenyewe. Zamani mto wetu ulijaa kome, na magamba yao yakawa vifungo vya mashati ya nchi nzima. Nilieleza yote hayo garini, pamoja na sababu za kome kupungua. Greta alifungua mdomo mara mbili kutaka kuuliza, akakuta nimeshafika kwenye swali lake kabla yake. Huo ndio ualimu.

Pamefungwa! Tangazo mlangoni linasema kuanzia Oktoba watu huingia kwa miadi tu. Mwalimu mwingine angegeuza gari. Mimi niliwapanga wasichana dirishani, nikawaambia wachore wanachokiona. Opal alichora kifungo. Greta alichora tangazo.

Kisha ndani ya lile dirisha ikapita fulana ya kijani. Ikafuata nyingine. Mwishowe zote sita, na nyuma yake Corinne, na mzee wa makumbusho akimfungulia droo hii na ile. Alikuwa amepiga simu kabla. Nani hupiga simu makumbusho?

Alipotuona alikuja mlangoni kutukaribisha, mwema kabisa, kana kwamba vifungo ni vya mama yake. Nikamshukuru, nikamwambia sisi leo tunasoma majengo, upande wa nje. Opal akasema anasikia baridi. Tukasoma majengo mpaka vidole vikafa ganzi.

Jumatano, 7 Oktoba

Kesho Ushirika mzima unakwenda Picketts Ford, kwenye kijiji cha kale. Pale kila siku ni mwaka 1836. Wafanyakazi wake huvaa ya enzi hiyo, hupika ya enzi hiyo, na ukiwauliza jambo la leo wanakukodolea macho tu. Hawautoki mwaka wao hata kwa dawa. Watoto wanapenda sana.

Jioni Corinne alipiga simu kukumbusha kila familia ije na vikombe vyake. Wakati wa kuagana akauliza, kwa sauti laini, kama wasichana wamepata joto tangu jana. Hapo ulimi ukaniponyoka. Nikamwambia kesho sitaweza kukaa na kundi muda wote, kwa kuwa wenye kijiji wameniomba nishiriki nao, kama mjuzi wa mambo ya kale. Akanipa hongera. Nilipokata simu nilijiona nimerefuka.

Tatizo nguo. Pazia la chumba cha wageni limetoa suruali moja, fupi kidogo. Kofia ni ya jirani yetu mfugaji. Zile kanda za mabegani za kushikilia suruali nilizovaa siku ya harusi bado zinavutika. Janelle alinikuta mbele ya kioo, ikabidi nimweleze. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu kwamba kilicho kifupi hapa ni suruali.

Hakucheka. Aliuliza pazia lilikuwa na kosa gani.

Alhamisi, 8 Oktoba

Naandika nimelala chali. Mabega hayataki namna nyingine.

Asubuhi ilianza vizuri mno. Tulipoingia kijijini, basi la shule ya serikali lilikuwa limeshashusha watoto wake, na mwalimu wao, kuiona suruali yangu, akawaleta moja kwa moja kwangu. Hadhara ya kweli! Watu ambao hawajawahi kunisikia! Niliwaingiza bandani. Wakaniuliza ile mashine ya mbao yenye mkono wa kuzungusha ni ya nini. Sikuwahi kuiona maishani mwangu. Nikawaambia ni mizani ya kupimia watoto wachanga. Walistaajabu sana. Wote wakaandika.

Baadaye nilisikia ni ya kujazia soseji.

Tulipotoka bandani nikakutana uso kwa uso na mama mmoja mtu mzima, kofia ya kitambaa, aproni, mikono ya gauni imekunjwa. Alinitazama juu mpaka chini, akauliza kama mimi ndiye yule kibarua waliyeahidiwa. Hatua chache kutoka pale alisimama Corinne na fulana zake sita, masikio wazi. Mtu angejibu nini? Nilijibu ndiyo.

Nikapewa mzega, ule mti wa kubebea mabegani, na ndoo mbili. Kisima kiko bondeni, jiko liko juu mlimani. Nilipanda. Nikashuka. Nikapanda tena. Pale kwenye mawe niliteleza, maji yakanifika shingoni, na hapa sisemi kwa mafumbo. Mara Corinne alipopotelea kwa mhunzi nilimsogelea yule mama nikamnong'oneza kwamba mimi ni mgeni tu, gari langu liko kwenye maegesho.

"Maegesho ndiyo nini, kijana wangu?" akasema. "Kama ni punda, mfunge nyuma ya nyumba, halafu ulete maji. Unga unangoja."

Wasichana wakati huo walikuwa kwenye chumba cha shule. Darasa moja, mabenchi marefu, mwalimu mwembamba mwenye koti jeusi, watoto wa Ushirika wamechanganywa na wale wa basi. Njia ya maji inapita chini ya dirisha, kwa hiyo niliona. Greta amenyoosha mkono. Mwalimu anamuuliza mtoto mwingine, na yeye hashushi. Nilishuka kisimani, nikajaza, nikapanda, na mkono wake bado uko juu, anatabasamu peke yake. Moyo uliniuma. Mtoto wangu kaachwa hivyo! Swali lenyewe lilikuwa rahisi, jina la mto unaopakana na jimbo upande wa kusini. Nikatua ndoo, nikagonga kioo, nikampa jibu kwa sauti.

Mwalimu alikuja akafunga dirisha kwa ubao.

Wakati wa kurudi Greta aligeukia dirisha la gari. Uso ulikuwa mwekundu. Nadhani ni lile jiko la kuni lililo darasani. Opal yeye alisema ile shule ina harufu nzuri, ya chaki na makoti. Nikawaeleza chaki hutokana na nini.

Ijumaa, 9 Oktoba

Uchaguzi, ukumbi wa chini kanisani. Viazi vya kuoka na jibini, pai ya krimu, kahawa nyepesi. Nilikuwa na hotuba mfukoni.

Corinne alisimama kabla yangu. Nikajiandaa kwa vita, lakini akanisifu! Aliwaambia watu wote kwamba yule mama wa jikoni amemwambia hawajapata kibarua wa namna ile miaka mingi, hana maneno, anabeba tu. Hana maneno! Watu walipiga makofi, na mimi nikawainamia kidogo, kadiri shingo ilivyoruhusu. Kisha wakamchagua yeye kuwa Mratibu wa Safari. Mimi, kwa pendekezo lake na bila kupingwa, nitakuwa mbeba sanduku la vinywaji baridi, kwa kuwa mabega yangu yameshathibitika.

Nimelitafakari jambo hili njiani. Msafara hauendi bila vinywaji. Kwa hiyo ukilitazama sawasawa, nimeshinda.

Janelle hakulitazama hivyo. Mezani alikuwa akimwangalia Greta, kwa kuwa Greta alikuwa amenyoosha mkono. Nikampitishia viazi. Hakutaka viazi. Nikampitishia chumvi. Janelle akaweka uma chini, akasema, "Ndiyo, Greta?" Na mtoto akashusha mkono taratibu, akauliza basi la manjano hupita saa ngapi. Kumbe Alhamisi alikaa benchi moja na msichana mmoja wa lile basi, Noemi, wakagawana kibao cha kuandikia.

Swali zuri, na majibu ninayo. Saa moja na robo. Nikaeleza pia kwa nini mabasi yale ni ya manjano, na kwa nini hayakupakwa nyekundu. Nilipomaliza, viazi vilikuwa vimepoa na meza nzima imesimama kuosha vyombo.

Jumapili, 11 Oktoba

Janelle ameniita barazani baada ya ibada. Bila "mume wangu" safari hii. Afadhali ningeitwa mume wangu.

Greta anakwenda shule. Kesho Janelle atampeleka kumwandikisha, Jumatano anaanza. Alisema amekuwa akimuuliza mtoto polepole tangu Alhamisi, na kila mara Greta anarudia jambo lile lile, jinsi alivyokaa kwenye lile benchi.

Nikauliza, kwa utulivu, kama makosa ni ya vifungo.

"Si vifungo," akasema. "Wala hajakuchoka, Verlin. Amependa kunyoosha mkono na kusubiri aitwe. Hapa nyumbani unamjibu kabla hajauliza."

Nikamwambia nilijua tu kwamba atasema hivyo.

Kisha akanishika mkono, akaingia ndani.

Greta alikuja baadaye, akasimama karibu na ngazi, akauliza kama ni sawa. Nilisema sawa. Nikasema tena sawa. Akanikumbatia kwenye lile bega lililochubuka na mzega, na sikulalamika. Halafu nikaenda gereji nikalia kidogo. Naandika hilo hapa kwa kuwa hapa hapasomwi na mtu. Mtoto yule ndiye alikuwa anakaa kiti cha mbele, na mara nyingine nikizungumza alikuwa anaitikia mpaka mwisho wa sentensi.

Jumatano, 14 Oktoba

Basi lilifika kwa wakati. Noemi alikuwa dirishani, kamwekea kiti. Nilikuwa nimeanza kumweleza Greta siku ya kwanza ya shule huwaje, na nilikuwa nimefika saa ya chakula, mlango ukafungwa. Alinipungia mkono. Nami nikapunga, hata basi lilipokwisha kupinda kona.

Nyumba kimya. Friji inasikika.

Lakini simba mwenda pole ndiye mla nyama! Nina Opal. Mwalimu mmoja, mwanafunzi mmoja. Wafalme ndivyo walivyosomeshwa. Nitamfundisha kiasi kwamba Januari Corinne atakuja mwenyewe kuniomba faili, na Greta atatamani kurudi. Kesho tunaanza na Makumbusho ya Pasi za Nguo, kaunti ya jirani. Sijapiga simu. Pasi hazina msimu. Pazia la pili nimeshalitoa kwenye fimbo, litatosha koti.

Opal alinyoosha mkono mezani, uji haujaisha. Sikumchelewesha: nikamwambia ndiyo, tutapitia donati. Akasema hakutaka kuuliza donati. Mkono hakuushusha. Nikamwambia kwa upole kwamba hapa haina haja, tuko wawili tu. Akasema anajua, anafanya mazoezi.

Mazoezi! Miaka saba tu, na bidii ya namna ile. Nani kati ya wale sita wa Corinne anajituma hivyo? Nimemwambia kesho tutafanya na wa kushoto.