Niliwaambia Wakwe Wasibebe Ugali

Leo heshima yangu imezama ziwani. Na maji yenyewe yalikuwa ya magotini.

Nimerudi nyumbani Turwa sasa hivi. Nimeoga, nimejifungia chumbani, naandika. Mke wangu Bhoke yuko sebuleni na wazazi wake. Kila baada ya dakika mbili mtu anaanza kusimulia upya, halafu vicheko. Basi bora nisimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. (Wengine wataongeza chumvi, na hii haihitaji chumvi.)

Iko hivi. Wakwe zangu walifika juzi kutoka Nyansurura. Baba mkwe ni mtu wa ng'ombe. Kwake mwanaume anapimwa kwa zizi, na mimi nina kiduka cha vifaa vya umeme. Miaka tisa nimekaa na binti yake, na kila tukionana ananiuliza swali lile lile: "Mkwe, hizo taa zako zimezaa?" Mimi nacheka. Yeye hacheki.

Mama mkwe ndiyo usiseme. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Namwamkia shikamoo, anaitikia akiangalia ukuta, na mimi naangalia viatu vyangu. Yameisha. Miaka tisa, hatujawahi kuongea sentensi nzima.

Sasa, shemeji yangu anapika kwenye kambi moja ya watalii kule Serengeti. Kuna mgeni aliondoka akamwachia fimbo ya kuvulia samaki. Siyo ya mchezo. Ni ndefu kuliko mlango wangu, inachomoka vipande vipande kama antena ya redio, na ina kigurudumu cha kukunjia mshipi. Shemeji hajui kuvua, akanipa mimi. (Mimi pia sijui kuvua. Lakini hakuniuliza.)

Nikapata wazo. Ni likizo ya mwezi wa sita, watoto wako nyumbani, wakwe wapo. Twende ziwani, upande wa Rorya, tushinde ufukweni, na mimi niwavulie chakula cha mchana. Wiki nzima nilikuwa natazama video za Wazungu wanaovua wakiwa wamesimama kwenye mchanga. Mtu anarusha, anasubiri, anavuta, anapigwa picha. Nikasema, hii nayo ni kazi?

Jana jioni nikasikia mama mkwe anamwomba Bhoke unga, apike ugali wa kubeba safarini. Nikapaza sauti ili baba mkwe naye asikie.

"Bhoke, mwambie mama asijisumbue! Kesho ni samaki. Tubebe sufuria, chumvi na mafuta, basi."

"Hata ugali, Baba Ghati?"

"Ugali utawajaza tumbo bure. Mtu akishiba ugali, sangara atamla saa ngapi?"

Baba mkwe akanigeukia. "Mkwe, umewahi kuvua?"

"Tata," nikamwita baba kwa lugha ya kwetu, "hiyo ni kazi ndogo."

(Nadhani malaika aliandika hapo hapo.)

Asubuhi tukakodi noah, tukaondoka: mimi, Bhoke, wakwe wawili na mabinti zetu wawili. Saa tatu tulikuwa ufukweni. Pazuri! Ziwa limetulia, vimawimbi vidogo vinakuja vinalamba mchanga vinarudi. Pembeni kidogo kina mama watatu wanaosha vyombo. Mbele yetu, kama mwendo wa goli hadi katikati ya uwanja, kuna mtumbwi mmoja umetia nanga, naona hauna mtu. Baba mkwe akawekewa kiti chake cha plastiki, akaegemea fimbo yake. Mama mkwe akatandika khanga mbali kidogo, akatupa mgongo. Nikapandisha suruali magotini, nikaunga fimbo yangu kipande kwa kipande, taratibu, ili kila mtu aone.

Nikarusha mara ya kwanza. Chambo kikaruka peke yake kikaenda zake. Ndoano ikabaki.

Mara ya pili, ndoano haikwenda mbele kabisa. Ilikuwa imenasa kwenye kichaka nyuma yangu.

Mara ya tatu ilienda, na kofia yangu ikaenda nayo. Nikaifuata majini. Kina mama wa vyombo wakanyamaza, wakaacha kusugua. (Mtu akicheka unajua amekuona. Akinyamaza hivyo, amekuhurumia. Afadhali angecheka.)

Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Nyungunyungu wangu wote wa chambo wakaisha. Biskuti za watoto zikaisha. Ghati, binti yangu mkubwa, akaja akasimama karibu.

"Baba, samaki bado wamelala?"

"Wanakuja, mama."

"Kutoka wapi?"

Baba mkwe akajibu kwa niaba yangu, akiwa kitini, kwa upole kabisa. "Mjukuu wangu, ng'ombe ukimtaka unajua alipo. Unamwita kwa jina lake, anakuja."

Bhoke akanisogelea, akaninong'oneza, "Baba Ghati, wazazi hawajala tangu chai. Nikatafute hata mihogo?"

"Usithubutu! Nipe dakika kumi."

Hapo nilikuwa nimebaki na hasira tu. Nikaingia mpaka maji yakafika magotini, nikazungusha ile fimbo kwa nguvu zote za ukoo wetu, nikarusha. Safari hii mshipi ukalia! Wiiii! Ukaenda, ukaenda, ukadondoka kule kwenye ule mtumbwi. Baba mkwe akasema, "Eeh." Hiyo "eeh" ilikuwa sifa ya kwanza tangu nimjue.

Nikazungusha kigurudumu. Kikagoma. Nikavuta. Kuna kitu kizito. Nikavuta tena. Kikasogea kidogo.

"AMESHIKA!"

Jamani. Fimbo ilipinda kama upinde. Miguu inazama mchangani. Watoto wanarukaruka. "Baba kapata! Baba kapata!" Bhoke akatoa simu, akaanza kurekodi. Kina mama wakaacha vyombo wakaja. Na baba mkwe, mzee ambaye hasogei hata mvua ikimkuta, akainuka kitini, akatupa fimbo yake chini, akavua viatu, akaingia ziwani na suruali yake ya kanisani. Akanikumbatia kiunoni kwa nyuma.

"Vuta, mura, kijana wangu! Usimwachie! Nimekushika!"

Nikavuta. Akanivuta. Tukavuta. Huyo mnyama akaanza kuja, pole pole, kwa uzito, kama anayetafakari.

Ndipo baba mkwe akapiga kelele sikioni mwangu. "Mkwe! Mtumbwi! Mtumbwi unatembea!"

Nikaangalia. Kweli, ule mtumbwi ulikuwa unakuja upande wetu.

"Samaki yuko chini yake!" akasema. "Anausukuma!"

Na mimi, badala ya kufikiri, nikajibu kwa sauti ya mtaalamu: "Ndiyo, Tata. Sangara wakubwa huwa wanafanya hivyo."

(Sijui nilitoa wapi. Nimejiuliza njia nzima ya kurudi.)

Nyuma yangu nikasikia kigelegele. Kigelegele kirefu, cha harusi. Nikageuza shingo. Alikuwa mama mkwe! Amesimama, mikono juu, ananitazama mimi, usoni kabisa. Alikuwa ameshawasha kuni, na sufuria ya mafuta iko juu ya mawe. Nawaambia ukweli, kwa dakika ile nilikuwa mwanaume mwenye zizi kubwa kuliko wote wilaya ya Tarime.

Mmoja wa kina mama akauliza, "Kwani Mzee Okoth yuko wapi?" Hakuna aliyemsikiliza.

Mtumbwi ukakaribia. Hatua ishirini. Hatua kumi. Natafuta mkia wa samaki majini, siuoni. Hatua sita.

Kikainuka kichwa.

Siyo cha samaki. Ni cha mzee, ndani ya mtumbwi, amevaa kofia ya sufu, shavu moja limechorwa mistari ya wavu aliokuwa ameulalia. Akapikicha macho. Akaangalia ziwa alikotoka. Akaangalia nchi kavu inavyomfuata. Akatuangalia sisi wawili, tumekumbatiana majini.

"Nyinyi," akasema, "mnanipeleka wapi?"

Baba mkwe alikuwa bado amenishika kiuno.

"Shikamoo, mzee," nikasema. (Ungesema nini wewe?)

"Marahaba. Mnanipeleka wapi?"

Mzee akainama, akaivuta kamba yake ya nanga, ambayo mwishoni mwake kulikuwa na jiwe dogo lililokuwa likiburuzwa mchangani muda wote huo. Katikati ya kamba, ndoano yangu, imezama vizuri kabisa. Akaichomoa, akaigeuza geuza, akaiinua juu kila mtu aione.

"Na chambo kiko wapi?"

"Kiliisha saa tano, mzee."

"Kwa hiyo ulikuwa unavua kwa chuma kitupu."

"Ndiyo, mzee."

Nikahisi mikono ya baba mkwe inaniachia kiunoni. Haikuniachia mara moja. Iliachia kidole kimoja kimoja.

Mzee Okoth akakaa vizuri kwenye mtumbwi wake, akatikisa kichwa. "Omera, ndugu yangu, mimi nimevua ziwa hili tangu kijana. Nimeibiwa nyavu. Nimeibiwa kasia. Samaki ndiyo usiulize. Lakini leo ni mara ya kwanza naibiwa mimi mwenyewe."

Ndipo nikasikia kitu nyuma yangu. Mwanzoni nilidhani mtu analia. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa chini kwenye mchanga, amekaa, khanga mdomoni, mabega yanatetemeka. Halafu khanga ikamshinda. Akacheka! Kina mama wa vyombo wakacheka. Bhoke akacheka mpaka simu ikawa inarekodi mawingu. Na baba mkwe, ambaye taa zangu hazijawahi kumchekesha, aliegemea ule mtumbwi, akaweka paji la uso kwenye mbao, akawa anapiga mbao kwa kiganja. "Wanafanya hivyo!" anasema. "Sangara wakubwa! Wanafanya hivyo!"

Mimi nikabaki nimesimama na fimbo yangu. Nilitamani maji yawe marefu kidogo.

Lakini Mzee Okoth ni mtu mzima mwenye utu. Alikuwa amevua usiku kucha, ndiyo maana usingizi ulimchukua. Chini ya gunia lililolowa alikuwa na sato, wanene, bado wanapumua. Tukanunua sita, akaongeza mmoja. "Huyu wa huyu dereva wangu," akasema, "aliyenileta nyumbani bila kupiga kasia." Mama mmoja akatuletea ugali kutoka kwake, sahani imejaa. Mimi nikapewa kisu nipare magamba, kazi ambayo mabinti zangu walikuja kunisaidia baada ya kuona ninavyoifanya.

Tulikula vizuri sana. Baba mkwe na Mzee Okoth walikaa pamoja mpaka saa tisa wakibishana kama ng'ombe anaweza kuogelea. Wameshaalikana. Mzee Okoth anakuja Nyansurura baada ya mavuno. Na wakati nakula, mama mkwe alinisogezea kichwa cha sato mkubwa, akasema, akiangalia pembeni kama kawaida lakini sauti inatetemeka kwa kicheko: "Kula, mkwe. Umevuta mzigo mkubwa leo."

Sentensi nzima. Imenichukua miaka tisa na mtumbwi mmoja.

Sasa shida. Bhoke ameituma ile video kwenye kundi la ukoo. Kutoka hapo imeruka mpaka kwenye kundi la kwaya, na kutoka kwaya haijulikani imefika wapi. Jirani amepita dirishani akaniita "nahodha."

Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja, ndugu zangu. Msinicheke kabla ya Jumapili. Ni zamu yangu kusoma somo mbele ya kanisa zima, na nimeangalia ratiba sasa hivi. Ni lile la wavuvi waliohangaika usiku kucha wasipate kitu.