Samaki wa Radi Aitwe Laurentine

Jumatatu, 13 Januari

Leo wenye ule mchezo wa simu wametuonyesha picha yake. Nilikuwa nasuka kichwa cha mteja, nikakiacha nusu, nikakaa chini kuitazama. Samaki mkubwa, miguu mifupi, mgongoni amebeba wingu, na ndani ya wingu radi inacheza. Kiangazi analala matopeni. Mvua ya kwanza ikinyesha, anaamka na kupiga radi.

Kulala matopeni ni wazo langu! Mimi, msusi wa Kashikishi, mji wa wavuvi kando ya ziwa, niliandika kwenye simu, na watu wa nchi nisizozijua wakalipigia kura. Wachezaji wote tumemuumba hivyo, kipande kwa kipande, ili akapigane na viumbe wengine wa mchezo. Limebaki jina. Kura zinafungwa Jumapili.

Nimependekeza Laurentine. Mdogo wangu Yolande ana watoto wanne, na hakuna hata mmoja aliyepewa jina langu. Wenye wajina hutembea kifua mbele. Mimi natembea tu.

Jumanne, 14 Januari

Lloyd, anayechaji simu kibanda cha pili, amecheka mpaka akashika ukuta. Anasema mnyama anayeitwa Laurentine hatamtisha mtu. Yeye amependekeza Lloyd. Basi.

Jina langu lina kura mbili. Moja ni yangu, nyingine ni ya simu ya Yolande, ambaye hana habari.

Nimefikiri. Uvuvi umefungwa mpaka Machi, wavuvi wamekaa ufukweni na simu mikononi. Mzee Kabaso ana mitumbwi, na vijana wake wanamsikiliza. Nikamwendea. Akauliza yeye atapata nini. Sina kitu, lakini Yolande ana mimba, na siku zake zimekaribia. Nikamwahidi mtoto ataitwa Kabaso.

Mzee macho yalimlowa. Kumbe naye hana wajina. Jioni vijana wake wote walikuwa wamepiga kura.

Alhamisi, 16 Januari

Mtoto anaweza kuwa msichana. Mtu mwenye akili hujiandaa.

Nimemwahidi Mama Eness, mkubwa wa akina mama kanisani kwetu. Kisha nimempigia Memory, kiongozi wa kwaya kule Kilwa, kisiwa cha humu ziwani kwetu, nikamwahidi yeye pia. Wote wawili wameuliza kitenge cha rangi gani, maana hapa kwetu kitenge cha wajina ndicho kinachompokea mtoto. Nimesema rangi yoyote. Uongo uko wapi? Mtoto mmoja anaweza kubeba majina mengi.

Kwaya nzima imepiga kura. Laurentine anapanda. Nimemwonyesha Lloyd, akajifanya anatafuta waya.

Jumapili, 19 Januari

Kura zimefungwa. Limeshinda Zurumu, jina la mtu mmoja wa mbali sana.

Kabla ya mwisho nilikaa kutazama namba. Kura za kwaya, za vijana wa Kabaso, za akina mama, zote pamoja zilikuwa tone. Namba ziliendelea kupanda, maelfu kwa maelfu, na nyuma ya kila moja kuna mtu amekaa mahali fulani anampenda samaki wetu. Sikujua dunia ina watu wengi hivi. Halafu nililia, maana hakuna hata mmoja wao atakayetamka jina langu.

Nikiwa bado nalia, wakaniita. Yolande amejifungua msichana.

Jumatatu, 20 Januari

Nimemshika. Kucha zake zimeshatimia. Amepiga chafya, nikasahau samaki na radi yake.

Nje kulikuwa na Mzee Kabaso na kuku. Mama Eness na kitenge na sabuni. Memory, ametoka kwenye boti na nusu ya kwaya. Walisalimiana vizuri sana mpaka kila mmoja alipoomba kumwona wajina wake. Mzee Kabaso akasema hata msichana anaitwa Kabaso, yeye hana ubaguzi.

Yolande alinitazama. Akavuta begi lake, akatoa kitenge changu cha kijani, kile nilichodhani kiliibwa kwenye kamba.

"Yaya," akasema, ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "huyu mutoto nilikuwa nimemupa jina yako. Tangu zamani. Nilitaka kukushangaza. Sasa kwaya iko inje. Niwaambie nini?"

Mtoto ameitwa Eness Memory Kabaso. Kitenge changu nimerudishiwa.

Jumatano, 22 Januari

Yolande hasemi na mimi. Ana haki. Usiku wa jana nimeapa kutogusa tena jina la mtu yeyote.

Leo wametangaza kwamba Zurumu atapata umbo la pili. Atakuwa mkubwa kuliko nyumba, na wingu lake litafunika ziwa zima. Nimeangalia mchoro mpaka chai ikapoa. Umbo hilo nalo litatafutiwa jina kwa kura.

Mchana amekuja Chouchou, jirani, kusukwa. Anasema kigoda kimekuwa kifupi, tumbo halimruhusu. Nimemletea kiti chenye mto, nimemsuka bure, na nilipofika nyuma ya sikio nimemwuliza polepole kama mtoto ameshapatiwa jina.