Kambale na Kitanda cha Mninga

Jumatatu, 2 Juni

Mke wa mtu, wiki ya sita. Bado naandika jina langu jipya pembeni mwa kila gazeti linalofungiwa vitumbua. Agnella Seni. Linapendeza kutoka pande zote.

Ila leo paka wangu Kambale hajala. Nimemwekea kichwa cha perege wa moshi, kilekile alichokuwa akikigombania kule kijijini kwetu Mofu. Amekinusa, amenitazama, amekwenda kulala juu ya magunia. Mate yanamtoka. Shavu moja limevimba.

Paka huyu ndiye aliyenioza. Bibi Aurelia alimwita Kambale kwa sababu ya sharubu. Wakati wa kulinda mpunga tulikuwa tunalala juu ya dungu, bibi huku, mimi huku, Kambale katikati, chini maji yanang'aa na vyura wanaimba. Tukivuka kwa mtumbwi yeye anakaa mbele, kama ndiye mwenye mto. Wanaume hakuwataka. Alimparua katekista. Alimparua mjomba, siku ya sikukuu. Kisha akaja kijana wa Kisukuma na lori la kununua mpunga, akaketi kwenye kigoda kusubiri mizani. Kambale akapanda mapajani kwake, akafumba macho. Bibi akaniambia niache kupepeta, nikachemshe chai.

Ndiyo hadithi yote ya ndoa yangu. Bibi hakuiona harusi. Aliniachia kinu na Kambale. Kinu hakiugui.

Seni karudi kutoka mashine ya kukoboa, mweupe kwa vumbi la pumba mpaka kope. Nikajisikia naolewa upya. Nikamweleza. Akamshika Kambale shavu polepole, akasema kesho nimpeleke kwa Nickolaus, daktari wa mifugo mwenye duka la dawa. Tutumie mpaka elfu ishirini. Nikauliza, ikizidi je? Akacheka. Akasema ikizidi hapo hatuzungumzii paka tena, mke wangu, tunazungumzia mbuzi.

Kwao kila kitu kinapimwa kwa mifugo. Nampenda hivyohivyo.

Jumanne, 3 Juni

Nimempeleka Kambale ndani ya kikapu, amefunikwa kanga ya bibi. Kwenye foleni kulikuwa na kuku watatu, mbwa mmoja, na mzee aliyekuja na picha ya ng'ombe kwenye simu. Mzee akauliza wangu anatoa lita ngapi. Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa adabu.

Nickolaus akamfungua mdomo. Meno mawili yameoza, usaha umeshuka kwenye taya. Inabidi alazwe usingizi, yang'olewe, achomwe sindano, alale hapo mpaka Ijumaa. Elfu sitini na tano. Au dawa ya kutuliza tu, elfu kumi na nane, ila uvimbe utarudi, na paka mzee asiyekula hafiki mbali. Nikauliza kama hakuna cha katikati. Akasema jino halina katikati.

Nyumbani kuna kopo la maziwa ya unga. Ndani yake kuna hela za kitanda. Kitanda cha mninga, sita kwa sita, fundi Valentino ameshachonga miguu. Sasa tunalala godoro chini kama wanafunzi wa bweni. Mimi naona raha, lakini jirani yetu Rosemery nimeshamtangazia kwamba kitanda kinakuja mwezi huu. Yeye ana kitanda chenye kioo kichwani. Akija kuomba chumvi, kioo lazima kitajwe.

Jioni Seni kaleta habari. Mama yake anakuja kesho kutoka Mngeta. Amemweleza kwenye simu habari za Kambale, naye amesema hakuna haja ya daktari, atamchoma mwenyewe, bure. Ana bomba lake la sindano. Seni alifurahi kama mtu aliyeokota pochi.

Mama mkwe, Mama Mbuke, amechoma maksai tangu utotoni. Bomba hilo nililiona siku za harusi. Kwa ukubwa linakaribia mchi. Na mkwe humwambii hapana, hasa ukiwa na wiki sita.

Kabla ugali haujaiva nilikuwa nimeshapata mpango.

Jumatano, 4 Juni

Mpango wenyewe hauna kasoro. Kambale anakwenda kwa Nickolaus. Hela zinatoka kwenye kopo. Kopo linajazwa maharage, likiinuliwa lisiwe jepesi. Paka wa Rosemery, mweusi na mweupe kama Kambale, sharubu zilezile, anaazimwa. Mama mkwe anakuta mgonjwa amepona, bomba linarudi Mngeta likiwa kavu. Ijumaa paka wanabadilishwa kimyakimya. Kitanda kikichelewa, nani hajui mafundi?

Rosemery akauliza paka wa nini. Nikasema panya. Akasema wake hafanyi kazi ya bure. Kichwa cha perege kila siku. Pia nitamke mbele ya akina mama wa jumuiya kwamba kitanda chake ndicho kizuri kuliko vyote mtaani kwetu Viwanja Sitini. Nikakubali. Imeniuma kuliko jino.

Nimemwacha Kambale kwa Nickolaus na kanga ya bibi. Alikuwa anainusa. Nimetembea mpaka nyumbani bila kuangalia nyuma, maana ningerudi.

Mama mkwe kafika jioni na jogoo, kibuyu cha maziwa mgando, na kitu kirefu kimefungwa kwenye kitambaa. Nikapiga goti, shikamoo mama. Akaitikia, akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikasema amepona, mama, Mungu mwema. Paka wa Rosemery alikuwa anatafuna kwa kelele. Mama akamtazama. Akainamisha kichwa upande, akamtazama tena. Akaomba maji ya kuoga.

Seni naye akaja, akampakata, akamwita Kambale. Akamkuna shingo. Nikafurahi, mpango umefaulu. Halafu furaha ikaisha. Mwanamume huyu alichaguliwa na Kambale mbele ya ukoo mzima, na hamjui? Kesho nikipelekwa mimi kwa daktari akaletwa Rosemery hapa, atamwuliza amepika nini?

Nimelala nimegeukia ukutani.

Alhamisi, 5 Juni

Sina pa kuanzia.

Asubuhi nimemkuta mama mkwe anamzunguka yule paka kama wanunuzi wanavyozunguka dume mnadani. Akaniuliza huyu ni wa nani. Nikasema Kambale, mama. Akasema Kambale ana pengo kwenye sikio la kushoto. Kweli, kenge alilimega kule Mofu. Akasema Kambale doa lake la kifuani limekaa kama jembe, la huyu kama kijiko. Na Kambale mguu wa nyuma anauvuta kidogo akigeuka. Alimwona mara moja tu, siku ya harusi, muda wa kumaliza sahani ya pilau. Akasema ng'ombe wa baba yake walikuwa wanajaza bonde, na hakuna aliyewahi kubadilishiwa hata ndama asijue.

Nimeolewa kwa watu wanaomtambua ng'ombe kwa nyayo, nikawatandikia paka wa kuazima.

Hapo ningesema kweli. Badala yake nikashika mashavu nikasema, jamani mama, nani anaweza kufanya kitu kama hicho?

Akanijibu. Wezi. Mbinu ya zamani, ng'wanone, mwanangu, wanachukua mnyama mzuri wanaacha mwingine wa rangi ileile, mwenye mali achelewe kushtuka. Akajifunga kanga, akasimama katikati ya uwanja, akapiga mwano. Huo ni ukelele wa Wasukuma wa kuitana ng'ombe wakiibwa. Sijawahi kuusikia kwa karibu. Sufuria ilitetema.

Chai haijachemka, uwanja umejaa. Bodaboda wa Kisukuma wamekuja, muuza maziwa amekuja, mwingine ana rungu. Muuza maziwa akampigia Seni simu. Mzee Melkiori, Mpogoro wa nyumba ya kona, alivutwa na kelele tu, akauliza wameibwa ng'ombe wangapi. Wakamwambia paka mmoja. Akaomba kiti.

Wakashauriana. Mama mkwe akasema mnyama mgeni ukimwachia anarudi kwao. Wakamwachia. Alikwenda moja kwa moja kwa Rosemery, akaingia uvunguni mwa kitanda chenye kioo. Rosemery alikuwa kwenye karai la vitumbua, ghafla amezungukwa na wanaume na rungu moja. Akaulizwa wa kwetu amempeleka wapi.

Rosemery si mtu wa kufa na siri kwa kichwa cha perege. Akanyoosha mwiko. "Mwulizeni bi harusi. Aliazima paka kwangu, tena kwa masharti."

Wote wakanigeukia, na Seni akiwemo. Alikuwa amefika na vumbi lake, ameacha mashine inaunguruma.

Ndipo ikaingia pikipiki ya Nickolaus, na kikapu nyuma. Akasema amemleta mapema kwa sababu usiku kucha amelia mpaka kuku wa wateja wamegoma kula. Operesheni imekwenda salama. Na ile elfu sitini na tano imetosha, asante sana dada, nyumba chache zinajali hivi.

Mzee Melkiori akasema hajawahi kujuta kukaa kwenye kiti.

Ijumaa, 6 Juni

Jana, watu walipoondoka, Seni alikwenda kwenye rafu. Aliteremsha kopo, akamimina. Maharage yakamwagika sakafuni. Akayaokota moja moja, akasema mengine yana wadudu.

Leo amesema yaliyo moyoni. Kumbe alijua tangu jioni ile ya kwanza, kabla hata ya kukaa. Yule paka wa kuazima hakukoroma alipopakatwa, kama Kambale anavyokoroma. Akadhani Kambale amekufa, na mimi kwa uchungu nimeokota mwingine njiani ili nisilie. Akaona amwite Kambale tu, kama nilivyotaka. Asubuhi alizunguka nyuma ya nyumba kutafuta nilikomzika, aweke jiwe. Akasema si kitanda kilichomuuma, wala hela. Ni kwamba amemlilia paka peke yake mashineni, pumba zimemganda usoni, wenzake wakamwuliza kama ana malaria.

Nililia mpaka nikakosa kanga ya kujifutia. Iliyokuwepo ilikuwa ya Kambale.

Mama mkwe akaomba kuona mdomo. Akamfungua Kambale, akachungulia muda mrefu, akasema kijana ameng'oa vizuri. Kisha akakaa chini, miguu ameinyoosha, akasimulia. Walipohama Maswa na mifugo, naye alikuwa bi harusi. Kulikuwa na mbwa aliyefuata kundi njia yote. Akavunjika mguu. Yeye akamwuza mbuzi wake wa harusi, mmoja tu aliyekuwa nao, akamlipa daktari wa serikali wa mahali walipopita. Mumewe hakuongea naye mpaka walipovuka mto Kilombero. Enzi hizo bonde lilikuwa nyasi tupu, akasema, usiku unasikia tembo wanavunja matete. Mbwa alikufa uzeeni, ameshiba. Mume naye ametangulia. Angeulizwa leo, mbuzi angemwuza tena.

Akamwambia Seni aache kununa, hapa hakuna mto wa kuvuka.

Seni akacheka. Mikono yake ilinukia mpunga mpya. Ah.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Baada ya misa nimesimama mbele ya akina mama wa jumuiya nikatamka kwamba kitanda cha Rosemery ni kizuri kuliko vyote Viwanja Sitini. Akaniomba nirudie, nyuma hawakusikia. Nikarudia.

Kambale amekula perege aliyepondwa. Ametafuna upande mmoja, macho amefumba, vilevile kama alivyokuwa akila miguuni kwa bibi moshi ukimpita juu. Nilisimama mlangoni mpaka akamaliza.

Mama mkwe ameondoka na bomba lake. Ameahidi kutuletea mbuzi jike, azae, watoto wauzwe, kitanda kije. Nami nimeweka nadhiri, naiandika hapa na kuipigia mstari: sitamficha Seni jambo lolote, kubwa wala dogo, maisha yangu yote.

Alhamisi, 19 Juni

Mbuzi amekuja. Wa kahawia, miguu minne ina soksi nyeupe. Nimemwita Aurelia. Seni anasema mbuzi wa kuuzwa hapewi jina la bibi. Ameshachelewa, mbuzi anaitika.

Ila anakohoa. Nimepita kwa Nickolaus, kwa bahati tu. Anasema alale kwake, achomwe, elfu thelathini. Nikamwuliza Seni, kwa mbali, kikomo cha mbuzi ni kiasi gani. Akasema kumi na tano. Ikizidi hapo tunazungumzia kitanda.

Kopo lina elfu thelathini na mbili. Maharage yapo, mapya, hayana wadudu.

Mama mkwe anakuja Jumapili kumwangalia mbuzi wake. Pantaleo wa mtaa wa pili ana mmoja wa kahawia, soksi nyeupe miguu yote. Nimekwenda kumwona leo. Safari hii nimekagua masikio.