Uzinduzi wa Seli Zinazokataa Kufa, Uwanja wa Matuga

Waheshimiwa mliofika, waheshimiwa mlio njiani, waheshimiwa mliotuma wawakilishi na wawakilishi mliotuma udhuru. Masheikh, wachungaji, machifu na manaibu wao. Akina mama wa Munje na Bodo, wafugaji mliokuja kwa miguu kutoka bara. Na mimi mwenyewe, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Japheth Mramba, Mwenyekiti wa Kamati ya Kuratibu Seli za Kudumu: salaam aleikum, Bwana asifiwe, na walio wakubwa wangu, kama wapo, shikamoo. (Makofi kutoka meza kuu.)

Ndugu zangu, ugonjwa wa sotoka ya mbuzi unamaliza mifugo. Mama Kahaso yule, aliyesimama juani na beberu wake, alikuwa na zizi zima. Leo amebaki na huyo mmoja. (Mama Kahaso: “Chanjo iko wapi, mheshimiwa?”) Swali zuri, mama, na ndilo lililonipeleka ng'ambo mara sita kwa ziara za benchimaki, yaani kujifunza kwa wenzetu.

Chanjo ya sotoka hukuzwa ndani ya seli. Unachukua seli za figo ya mnyama, unazitia kwenye tangi la maji yenye lishe, kisha unaziambukiza kirusi kilichodhoofishwa. Lakini seli zina tabia mbaya: zikibanana, au zikikosa chakula, hujiua zenyewe kwa amri iliyomo ndani ya jeni zake, na chanjo inakuwa haba. (Sauti: “Kama kamati yetu ya maji!”) Naomba utulivu. Basi wataalamu wana mkasi wa jeni, usioonekana kwa macho, ambao huikata ile amri. Seli ikibanwa haina tena wa kuiambia ife, inaishi na kuzalisha. Nilipoelezwa haya hotelini Diani, kati ya supu na samaki, nilisema papo hapo: kateni! (Makofi meza kuu.)

Kwa mujibu wa rodimapu yetu ya kimkakati, yaani ramani ya mpango, ambayo wadau wote wameivalideti na kuipitisha kwa kauli moja pasipo kuisoma, awamu ya kwanza itaokoa asilimia sitini ya seli, awamu ya pili asilimia themanini nyingine, jumla asilimia mia na arobaini, na ile arobaini ya ziada tutaiuza nje. (Hafsa wa duka la dawa za mifugo, Ukunda: “Mheshimiwa, mia ndizo seli zote! Hizo arobaini unazitoa kwa nani?”) Dada Hafsa, hiyo ni hesabu ya kaunta. Hii ni hesabu ya kisera. (Mama Kahaso: “Na chanjo, mwanangu? Huyu ameanza kukohoa.”) Mama, chanjo iko kwenye paiplaini. (Sauti: “Paiplaini gani, na maji yenyewe hatuna?”)

Niseme kwa unyenyekevu ulionifanya nijulikane hadi Lunga Lunga: hakuna kiongozi aliyewahi kupambana na kifo kwa kiwango hiki. Seli! (“Hazifi!”) Kwale! (“Mbele!”) Mwenyekiti! (“Hafi!” Meza kuu peke yake.)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru Kibwana wa Munje kwa friza ya samaki tuliyoipiga picha kama maabara. Aichukue kabla barafu haijayeyuka. Nawashukuru wapishi wa hoteli kwa makoti meupe waliyovaa wanasayansi wetu, ambao pia ni wapishi. Maabara, tangi, seli na mkasi vitafuata pindi mtu atakapopata nafasi ya kuandika pendekezo. (Minong'ono.)

Na shukrani za pekee kwa Mama Kahaso. Kwa desturi zetu, mbuzi akifikishwa mbele ya mgeni rasmi, ambaye leo ni mimi, ni zawadi yake, na vijana wangu wameshamfunga miguu na kumpakia garini. (Mama Kahaso: “Sikukupa! Nimemleta achanjwe!”) Sikieni jinsi anavyoona haya kushukuriwa! (Kicheko meza kuu. Kwingine hakuna anayecheka.) Usilie, mama. Kwangu beberu wako hawezi kuwaambukiza wenzake chochote: mbuzi wangu wote walichanjwa mwezi uliopita, kwa zile chupa za chanjo zilizokuwa zije kwenu.

Asanteni sana.