Adui Yumo Guniani

Bwana Mizani alikuwa amejibanza barazani kwa fundi cherehani akikwepa mvua, huku kwapani amebana ile mizani ya kupimia uzito iliyompatia jina, aliposikia mlio wa kusikitisha kutoka ndani. Ilikuwa zipu, na ilikuwa imekata tamaa.

"Fundi, umenishonea nguo ya mtoto!" ilifoka sauti ya kike.

"Nimeshona kwa vipimo ulivyonipa, shangazi," alijibu fundi, mwanamke mwembamba mwenye pini mdomoni. "Labda vilikuwa vya mwaka juzi."

Mizani akachungulia. Mbele ya kioo walisimama shangazi watatu wa bwana harusi mtarajiwa, wote katika sare ya kitambaa kimoja, na hakuna hata mmoja wao aliyefungika. Harusi ilikuwa karibu na kitambaa kile kilikuwa kimekwisha madukani. Moyo wa Mizani ukachangamka kama wa mcha Mungu aonapo mlango wa nyumba ya ibada ukifunguliwa.

Yafaa msomaji ajue kilichokuwa kikimsumbua bwana huyu. Alikuwa amefukuzwa kwenye chumba chake na sasa alilala popote palipokuwa na benchi. Mwoka mikate wa mtaa wa pili alikuwa amemwahidi ufunguo wa kibanda kitupu kando ya tanuri, chenye kitanda na bati lisilovuja, iwapo angemletea shehena ya unga, mchele na sukari bila maswali mengi. Kibanda kile ndicho kilichokuwa roho yake.

"Mama zangu," alisema akiingia, kofia kifuani, "fundi msimlaumu. Kosa ni la wanga."

"Wanga gani tena?" akauliza Shangazi Mkubwa.

"Mkate, wali, viazi, sukari. Mkiviacha hivyo, mwili utakosa pa kushika, uanze kula mafuta yake wenyewe. Hiyo sare mtaivaa mkicheka."

"Na inamfaa kila mtu? Maana mimi nina sukari, nameza vidonge."

Hapa mtu mwadilifu angemwelekeza bibi yule kwa daktari wake kabla ya neno lingine. Mizani hakuwa na desturi hiyo.

"Inamfaa kila mwenye tumbo," alisema.

Kisha akashusha sauti. Adui, alieleza, hafai kulala nyumba moja na wewe. Unga ukibaki kabatini utakuita usiku kwa jina lako. Kila walichokuwa nacho wakikabidhi kwake, naye angekiteketeza kitaalamu.

"Mlete kwenye stoo yangu," alisema fundi kwa upole. "Midomo ya magunia nitaishona mwenyewe."

Mizani aliguswa. Si kila siku mtu hupata msaada wa bure namna ile.

Siku za mwanzo mshale wa mizani ulishuka wenyewe, na shangazi wakapiga vigelegele hadi majirani wakaja mbio, kila mmoja na gunia lake. Baadaye mshale ukagoma. Mtaalamu wetu hakushtuka. Chini ya mizani palikuwa na kitufe kidogo cha kuuweka mshale sawa. Alikizungusha kidogo kila alfajiri, na mtaa mzima ukakonda bila jasho.

Kilichomponza ni shukrani. Shangazi waliamua kwamba mtu mwema kama yule hawezi kuachwa ale peke yake. Asubuhi mayai, mchana nyama, jioni mboga za majani, na jicho la shangazi mmoja halikubanduka usoni pake.

"Kula, mwanangu. Wewe ndiwe mfano wetu."

"Nashukuru, shangazi. Hakuna hata... kipande cha kitu cha kusindikizia?"

"Koma! Unatujaribu, eeh? Tumeshakujua!"

Usiku alilala kwenye benchi la fundi, ukuta mmoja tu ukimtenga na shehena yake, akiota mikate inampungia mkono. Mkanda wa suruali ulifika tundu la mwisho, kisha ukawa hauna tena cha kukaza. Alivumilia. Kibanda, alijiambia. Kibanda.

Jumamosi, shangazi wakiwa wamekwenda kusuka nywele, alipakia magunia kwenye mkokoteni na kuyasukuma hadi kwa mwoka mikate. Yule bwana akakata mshono wa kwanza, akatia mkono, akatoa konzi ya vipande vya kitambaa.

"Hiki nikikande na hamira, au nipige pasi kwanza?"

Gunia la pili, vitambaa. La tatu, vitambaa na kola moja. Ufunguo ukarudi mfukoni mwa mwenyewe.

Mizani alirudi mbio, ile mizani kwapani, mkono mmoja ukishikilia suruali. Shangazi watatu walikuwa dukani, wamesukwa, wamevaa sare zao zilizofungika barabara, wanakunywa chai ya sukari kwa mkate mzima.

"Mnakula wanga!" alipiga kelele, na, la ajabu, kwa uchungu wa kweli.

"Tangu wiki ya kwanza," alisema Shangazi Mkubwa. "Nesi aliniambia kile kilichoshuka upesi kilikuwa maji zaidi kuliko mafuta. Na kwa vidonge vyangu, nisiguse mlo wa namna ile mpaka daktari aseme. Nikaja mlango wa nyuma kuchukua unga wangu. Nikawakuta hawa wawili na majirani wote kwenye foleni."

"Lakini mizani ilishuka!"

"Kila asubuhi niliipandisha pasi yangu ya chuma juu yake," alisema fundi. "Nayo ilikuwa inakonda kila siku. Nikajiuliza, pasi imeacha wali lini?"

Shangazi wakacheka hadi chai ikamwagika.

"Na hizo nguo?"

"Nimeongeza kitambaa cha rangi nyingine ubavuni. Nimewaambia ndiyo fasheni."

Shangazi wa Kati akamtazama mtaalamu juu hadi chini. "Mtaa huu mzima, mwanangu, aliyeacha wanga ni wewe peke yako. Na kiuno kimerudi, usiseme hukufaidi!"

"Suruali nitakubania," alisema fundi, akinyoosha mkono kwapani mwa Mizani na kuichukua mizani kwa adabu zote. "Hii itakuwa ujira wangu. Keti."

Mizani akaketi. Shangazi Mkubwa akamsogezea mkate. Aliumega kwa mikono miwili, suruali ikaanguka miguuni, naye akala wote bila kumuuliza mtu kama unamfaa.