Ombi la Kupima Upya Jibu Langu juu ya Maria Theresa na Shangazi

Kwa Bwana Prefe wa Masomo,

Ninakuandikia kwa heshima, kwa sababu ana kwa ana maneno yangu hukwama kooni. Mimi ni Irakiza Eliane wa mwaka wa tano, yule wa karibu na dirisha ambaye hujawahi kusikia sauti yake.

Katika mtihani wa historia Mwalimu Gaspard aliuliza: "Vita vya urithi wa Austria vya mwaka 1740 vingeepukwa namna gani?" Nilijibu: "Kwa kumwita shangazi." Alinipa nne juu ya ishirini. Kwa nne hizo ninarudia darasa. Na nikirudia, cherehani ya marehemu nyanya yangu inakwenda kwa baba mdogo Toussaint wa Rugenge, maana nyanya aliandika nipewe siku nitakapoingia mwaka wa sita.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mfalme Karoli wa Sita alitumia miaka mingi kuwaomba wafalme watie saini kwamba binti yake, Maria Theresa, atarithi. Walitia. Lakini hakuna ukurasa unaosema walikula pamoja. Saini bila ugali! Hata mtoto wa hapa kwetu Kilibula angewaonya.

2. Wote walikuwa jamaa. Yule wa Bavaria aliyedai urithi alimuoa binti wa baba mkubwa wa Maria Theresa. Ni shemeji kabisa! Shemeji haji na mizinga. Anakuja na kreti ya soda, tena anakaa karibu na mlango.

3. Frederiki wa Prussia, ambaye baba yake alikubali urithi ule, hakungoja hata miezi mitatu ya kilio cha Karoli, akaingia Silesia, jimbo la Maria Theresa. Shangazi yangu Amandine angemuuliza mbele ya watu: "Weye Frederiki, matanga haiyaisha, unaenda wapi na hawo maaskari? Kaa chini!" Naye angekaa. Kila mtu hukaa.

4. Ushahidi ninao. Jumapili iliyopita shangazi aliita baraza la jamaa juu ya cherehani. Baba mdogo Toussaint alinung'unika, akala mikeke minne, wale samaki wa ziwani, akatia saini kwamba atangoja matokeo yangu. Saa mbili tu! Ulaya ilipigana miaka minane. Kati yetu na wao, nani alistahili nne?

5. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Shangazi si sababu ya kihistoria." Shangazi ameisoma. Anauliza mwalimu anakaa wapi.

Kwa hiyo ninaomba kumi na mbili. Na kama Bwana Prefe ataona vema, shangazi aje kusahihisha karatasi za darasa zima.

Unisalimie Mama Prefe, na mlinzi wa lango, na Mwalimu Gaspard pia, kwa upole.

Anayeutazama mwaka wa sita kwa mbali,
Irakiza Eliane

N.B. Kabla sijafunga bahasha, baba mdogo Toussaint amekuja kuchukua cherehani. Hakungoja hata buletini ya matokeo. Anasema saini ile aliitia kwa ajili ya mikeke. Shangazi alimwambia akae chini. Alikaa: nyuma ya pikipiki, cherehani mapajani, na dereva akaondoka.

Basi ninafuta malalamiko yote matano, na nne zangu zibaki. Naomba tu niulizwe swali lile upya; safari hii nitajibu kwamba vita havikuepukika. Lakini si wiki hii. Kitabu kinasema Maria Theresa aliwaendea watu wa Hungaria, wakampa wapanda farasi. Mimi ninakwenda Luvungi kwa binamu Cyprien. Yeye na wenzake wana pikipiki kumi na moja.

Tafadhali, Mwalimu Gaspard asiniambie kwanza kama Silesia ilirudi kwa Maria Theresa.