Mtihani wa Salamu wa Mwalimu Ogutu

Kwa furaha kubwa Serikali ya Kijeshi inawatangazia wakazi wote wa Kampala kwamba salamu sasa ziko chini ya ulinzi. Mimi, Fadhul, Katibu wa Kamati ya Salamu, ndiye niliyeandika agizo lenyewe, tena kwa Kiingereza safi: mtu yeyote atakayeshindwa kumaliza salamu za Kiganda kwa dakika tatu aondoke nchini ndani ya saa arobaini na nane.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Ogutu, Mluo wa Kisumu, anayewafundisha maofisa wetu Kiingereza. Kiganda alijifunza mtaani Lubaga, kwa mwenye nyumba wake, na wiki mbili baadaye angemwoa binti wa mwenye nyumba huyo. Akifukuzwa, harusi hakuna. Kusema kweli nilimwonea huruma kwa kiwango kinachoruhusiwa.

Mtahini alikuwa Meja Saverio, mwenyekiti wetu, mtu wa kaskazini kabisa. Kiganda chote alichokijua ni kuguna.

Sasa, Waganda wakishajuliana hali huguna kwa zamu, huyu “mmm”, yule “eee”, mpaka mmoja aanze shauri lake. Mdogo hathubutu kuuacha mguno wa mkubwa bila jibu.

Ogutu alisalimu vizuri mno. Meja akaguna, “Eee.”

“Mmm,” akajibu Ogutu.

“Eee.”

“Mmm.”

Dakika ya kumi na moja Meja alikuwa amelowa jasho. Akaninong’oneza, “Katibu, hii kitu nakwisha wapi?”

“Agizo halisemi, Afande.”

Mama Mariamu, mpika chai wetu, akatua birika mezani kwa kishindo. “Afande, ni wewe nakatala kumaliza! Mwalimu hapana weza kuacha mukubwa naguna peke yake. Sema shauri yako, iishe.”

“Shauri gani?”

“Yoyote! Sema nataka chai.”

“Nataka chai!”

Salamu zikaisha papo hapo, dakika ya kumi na nne.

Nilitafakari kisheria. Ogutu alimaliza zamu yake mapema. Aliyekwama ni mwenyekiti. Kuficha jambo hilo kungekuwa kulidharau agizo, na agizo nimeliandika mimi. Nikapiga taipu matokeo kwa Kiingereza: Ogutu abaki, Meja Saverio aondoke.

Meja akatia sahihi bila kutazama, kama kawaida yake. Kisha akataka kutuonyesha masomo yake ya Kiingereza kwa Ogutu. Matamshi alikuwa ameshayamaliza. Maana ya maneno ilipangwa muhula ujao.

Akayasoma matokeo kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye jina lake akapaza sauti zaidi. Hakukosea hata neno moja.

“Mwalimu, mimi nasoma muzuri?”

“Vizuri sana, Afande,” akasema Ogutu, na jasho likaanza kumkauka.

“Basi tekeleza leo leo!”

Nikapiga saluti, nikaenda kumwitia Meja gari la kumpeleka mpakani.